Wafalme wa Walombardi: Jinsi Watu wa Upanga Walivyopata Sheria

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Katika nchi nyingi za kale neno hilo ndilo lililokuwa sheria yenyewe. Mwenye mkono wa nguvu alitwaa, na mnyonge alinyang'anywa; aliyeuliwa ndugu yake alikwenda kuua naye, na kesi haikuisha mpaka walipokwisha watu. Leo nataka kuwapa wasomaji habari za taifa moja la Ulaya lililoishi hivyo, nalo ni Walombardi, waliotawala sehemu kubwa ya Italia tangu mwaka 568 hata mwaka 774. Wafalme wao walikuwa watu wa vita, na wengi wao walikuwa wakali. Lakini katika ufalme huo wa upanga walitokea watu waliojiuliza neno kubwa: Damu italipwa kwa damu hata lini? Kwa ajili ya swali hilo, na jibu walilolitafuta, habari zao zastahili kusomwa.

Mengi tunayoyajua juu yao yametoka kwa mtu wa taifa lao wenyewe, aitwaye Paulo Shemasi, mtawa wa Monte Cassino, aliyeandika historia ya Walombardi katika miaka ya mwisho ya karne ya nane. Alikuwa ameuona ufalme wa watu wake ukianguka. Katika kitabu chake mna mambo ya hakika, na mna hadithi alizozisikia kwa wazee. Basi msomaji na apime. Walakini hata hadithi za wazee zina faida, kwa maana hutuonyesha watu wale walipenda nini na waliogopa nini.

Wazee wao walisema kwamba hapo kwanza waliitwa Winili, na kwamba walitoka nchi za kaskazini, ng'ambo ya bahari. Siku moja walikabiliwa na adui. Adui wakamwomba mungu wao Godan awape ushindi, naye akajibu kwamba atawapa wale atakaowaona kwanza jua likichomoza. Ndipo wanawake wa Winili wakafungua nywele zao, wakazishusha mbele ya nyuso zao mfano wa ndevu, wakasimama alfajiri pamoja na waume zao upande wa mashariki. Godan alipotazama akauliza ni akina nani hawa wenye ndevu ndefu. Na mkewe akamwambia kwamba akiisha kuwapa jina, imempasa kuwapa na ushindi. Paulo aliisimulia hadithi hii, akasema ni ya kuchekesha tu. Lakini jina lilibaki: Langobardi, yaani wenye ndevu ndefu.

Katika historia ya hakika twawaona kwanza karibu na mto Elbe, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Mwandishi wa Kirumi Tacitus aliwataja mwishoni mwa karne ya kwanza, akasema ni watu wachache, tena wamezungukwa na mataifa yenye nguvu, lakini wajilinda kwa ushujaa. Baada ya miaka mingi walihama kidogo kidogo kuelekea kusini, hata wakafika mto Danube, wakakaa Pannonia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Hungaria.

Mfalme aliyewatoa huko akawaleta Italia aliitwa Alboin. Jirani zake walikuwa Wagepidi, na baina ya mataifa haya mawili ulikuwako uadui wa siku nyingi. Mwaka 567 Alboin alifanya shauri na Waavari, wapanda farasi waliotoka mashariki, akawapiga Wagepidi hata ufalme wao ukakoma. Mfalme wao Cunimund aliuawa vitani. Alboin akatwaa fuvu la kichwa chake, akalifanya kikombe cha kunywea. Na binti wa marehemu, jina lake Rosamund, akamtwaa kuwa mkewe.

Mwaka uliofuata, yaani 568, mara baada ya Pasaka, Alboin aliliondoa taifa lake zima, wanaume kwa wanawake, watoto na mifugo, wakavuka milima na kushukia Italia. Nchi hiyo ilikuwa imechoka sana. Kaisari Justinian wa Konstantinopoli alikuwa amepigana na Wagothi karibu miaka ishirini ili airudishe mikononi mwa Warumi, akashinda. Lakini miji ilikuwa magofu, na njaa na tauni vilikuwa vimewamaliza watu. Kwa hiyo Walombardi hawakupata jeshi kubwa la kuwazuia. Mji baada ya mji ukafunguliwa, isipokuwa miji ya pwani, na Roma, na Ravenna alikokaa liwali wa Kaisari.

Mji wa Pavia peke yake ulimshinda Alboin kwa muda wa miaka mitatu na zaidi. Kwa hasira akaapa kwamba siku atakapouingia atawaua watu wake wote. Hata ulipokubali, mwaka 572, alipokuwa akiingia langoni farasi wake alianguka, wala hakuinuka kwa kupigwa teke wala kwa mkuki. Mtu mmoja akamkumbusha mfalme kiapo chake kikali, akamshauri akiache, kwa sababu watu wa mji ule ni Wakristo. Alboin akakitangua kiapo, na farasi akasimama. Mfalme akaingia asimdhuru mtu, na watu waliojiandaa kufa wakamkimbilia kwa furaha. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo kweli au yalipambwa na wasimulizi, haidhuru. Maana Pavia haukuangamizwa, bali ukawa baadaye mji mkuu wa ufalme wao. Kiapo cha hasira kilichovunjwa kiliwapatia Walombardi makao.

Lakini kile kikombe cha fuvu hakikusahauliwa. Siku moja huko Verona, Alboin alikuwa katika karamu, naye amekunywa kupita kiasi. Akamwamuru Rosamund anywe katika kikombe kile, akimwambia kwa furaha anywe pamoja na babaye. Wahenga walisema kweli, hasira hasara; lakini dharau ni hasara zaidi. Rosamund akafanya njama na Helmichis, mtu wa nyumbani mwa mfalme. Mchana mmoja, mfalme alipolala, malkia akaufunga upanga wake penye kichwa cha kitanda kwa nguvu hata usiweze kuchomolewa, kisha wauaji wakaingizwa. Yule shujaa aliyeyashinda mataifa alijitetea kwa kigoda cha miguu, akafa. Rosamund na Helmichis wakakimbilia Ravenna, na huko wakauana wao kwa wao kwa sumu. Paulo asema kwamba kikombe chenyewe kilidumu karibu miaka mia mbili, naye alikiona kwa macho yake mikononi mwa mfalme Ratchis, siku ya sikukuu, akiwaonyesha wageni.

Tazameni basi mnyororo huu. Cunimund kauawa na Alboin, Alboin kauawa kwa shauri la binti Cunimund, na huyo binti naye kafa kwa mkono wa mwenziwe. Aliyemfuata Alboin, jina lake Cleph, alitawala mwaka mmoja na nusu tu, akachinjwa na mtumwa wake. Baada yake Walombardi walikaa miaka kumi bila mfalme. Nchi ikagawanywa na wakuu wapatao thelathini na watano, kila mmoja na mji wake. Matajiri wengi wa Kirumi waliuawa ili mali zao zitwaliwe, na makanisa yakaporwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Kaisari akatuma fedha kwa Wafaranki, waliokaa katika nchi iitwayo leo Ufaransa, ili wavuke milima wawapige Walombardi.

Ndipo wakuu walipotambua kwamba bila kichwa mwili hausimami. Mwaka 584 wakamchagua Authari, mwana wa Cleph, awe mfalme. Wakafanya jambo lisilo la kawaida kwa watu wakubwa: kila mmoja wao alitoa nusu ya mali yake, ili mfalme na watumishi wake wapate riziki pasipo kuwanyang'anya watu. Paulo asifu siku zile, asema kwamba hapakuwa na jeuri wala wizi, na kila mtu alikwenda atakako bila hofu. Yamkini amezidisha kidogo, kama wazee wasifuvyo siku zilizopita. Lakini maana yake ni wazi, ya kwamba serikali yenye riziki yake haina haja ya kupora.

Authari alimposa Theodelinda, binti wa mkuu wa Bavaria. Yasimuliwa kwamba alikwenda mwenyewe kumtazama, akijifanya mmoja wa wajumbe, bila mtu kumjua. Binti alipomnywesha divai kwa desturi ya ugeni, Authari alimgusa mkono kwa siri. Binti akamweleza yaya wake kwa aibu, na yaya, mama mwenye akili, akamwambia kwamba asingalithubutu mtu kufanya hivyo isipokuwa mfalme mwenyewe, basi anyamaze. Wajumbe walipofika mpakani na wenyeji wao kuwasindikiza, Authari akasimama juu ya farasi, akarusha shoka lake likakita katika mti, akasema kwamba hivyo ndivyo apigavyo Authari. Hapo ndipo walipomtambua. Wakaoana mwaka 589. Lakini mwaka uliofuata Authari alifariki, na wengi walisema ni kwa sumu.

Hapo Walombardi walifanya neno la hekima. Walimpenda sana malkia huyo, basi wakamwachia achague mume, na mtu atakayemchagua awe mfalme. Theodelinda akataka shauri la wenye busara, kisha akamchagua Agilulf, mkuu wa Turin. Agilulf alitawala tangu 590 hata 616, na Theodelinda alikuwa mshauri wake.

Hapa imenipasa kueleza habari ya dini yao. Walombardi wengine walikuwa bado wapagani, na wengine walikuwa Wakristo wa mafundisho ya Ario. Huyo Ario alikuwa kasisi wa Aleksandria katika Misri, aliyefundisha kwamba Mwana si sawa na Baba. Na mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliyakataa mafundisho hayo. Wenyeji wa Italia waliishika imani ya Nikea. Hivyo mshindi na mshindwa walitengwa na lugha, na sheria, na sala pia. Theodelinda alikuwa wa imani ya Nikea. Wakati huo askofu wa Roma alikuwa Papa Gregory, aitwaye Mkuu. Mwaka 593 Agilulf aliuzunguka mji wa Roma na jeshi, na Gregory aliona kwa macho yake watu wakifungwa kamba shingoni wapelekwe kuuzwa. Akatoa fedha, akaandika barua nyingi, akataka amani hata pale wakubwa wa Kaisari walipokuwa hawaitaki. Malkia naye alimsihi mumewe. Mwaka 598 amani ikapatikana, na Gregory alimwandikia Theodelinda kumshukuru. Mwaka 603 mwana wao Adaloald akabatizwa katika imani ya mama yake. Huko Monza malkia alijenga kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Na Monza ndiko liliko hata leo taji mashuhuri liitwalo Taji la Chuma.

Sasa nafika kwa mfalme ambaye kwa ajili yake nimeandika habari hii, naye ni Rothari, aliyetawala tangu 636 hata 652. Rothari hakuwa mtu mpole. Aliiteka pwani ya Genoa akazibomoa kuta za miji yake, na katika dini alishika mafundisho ya Ario. Lakini aliona kwamba taifa lake latawaliwa na desturi zilizowekwa katika vichwa vya wazee tu. Tena maskini wengi waonewa, kwa kuwa mwenye nguvu huikumbuka desturi kama apendavyo. Kwetu twasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sheria ni vivyo hivyo. Rothari akawauliza wazee, akakusanya desturi za babu zao, akaongeza zilizopungua na kuondoa zisizofaa, akaziandika kwa Kilatini. Tarehe 22 Novemba 643, katika mwaka wa sabini na sita tangu Walombardi walipoingia Italia, akaitoa Amri yake huko Pavia, yenye sura 388, ikathibitishwa na wakuu na jeshi lote.

Jambo kubwa katika Amri hiyo ni habari ya kisasi. Walombardi walikuwa na neno lao la uadui wa jamaa na jamaa, wa kulipana damu. Neno hilo liliandikwa *faida*. Ajabu iliyoje! Kwetu sisi faida ni pato, lakini kwao faida ilikuwa ni hasara tupu, yaani mali kuteketea na vijana kuzikwa. Rothari hakuweza kuufuta uadui huo kwa neno moja. Alichofanya ni kuupa bei ya amani. Kila dhara likawekewa dia yake kwa sarafu za dhahabu. Aliyemng'oa mtu jino lionekanalo wakati wa kucheka, alilipa sarafu 16. Kwa jino la ndani, sarafu 8. Vidole, jicho, mkono, kila kiungo kilikuwa na hesabu yake. Aliyemwua mtu huru kwa siri alilipa sarafu 900, mali ambayo wachache waliweza kuitoa bila kufilisika.

Mfalme akaeleza mwenyewe sababu. Alisema ameipandisha dia kupita kiasi cha babu zao kwa kusudi, ili aliyejeruhiwa akiisha kuipokea auache uadui, asidai tena, asiweke kinyongo, na urafiki urudi. Neno hili ni la kufikiriwa. Mtu aliyedhulumiwa akiambiwa asamehe, na asipewe kitu, moyo wake hunung'unika. Naye akiachwa alipize mwenyewe, atapita kiasi. Rothari alimpa haki yake mkononi mbele ya watu, kisha akamwamuru anyamaze.

Kuna sura nyingine katika Amri hiyo, sura ya 376, ambayo ningependa kila msomaji aijue. Katika siku hizo watu wengi waliamini kwamba wako wanawake wachawi wawezao kumla mtu moyo na maini akiwa hai, bila kumpasua. Mtu akiugua na kukonda, mjakazi fulani alisingiziwa, akauawa. Rothari akakataza. Akaamuru kwamba mtu yeyote asithubutu kumwua mjakazi wa mwenziwe, wala mwanamke aliye chini ya mwenziwe, kwa kumwita mchawi. Kwa sababu jambo hilo si la kusadikiwa na akili za Wakristo, wala haliwezekani hata kidogo, kwamba mwanamke amle mtu kwa ndani naye yu hai. Na atakayeua alipe dia ya marehemu, tena aongeze faini juu yake.

Fikirini, ndugu wasomaji. Hayo yaliandikwa mwaka 643, na mfalme ambaye babu zake walinywea mafuvu. Hakuwa na hospitali, wala darubini ya kuonyesha vijidudu vya ugonjwa. Alikuwa na akili ya kawaida na woga wa kumwaga damu isiyo na hatia. Na aliowalinda kwa sura hiyo walikuwa wanyonge kupita wote, yaani wajakazi, wasio na ndugu wa kuwalipia kisasi. Katika nchi zetu wangali wako wanawake wazee wanaouawa kwa sababu ya macho mekundu tu na maneno ya mganga. Miaka elfu na mia tatu na zaidi imepita. Si vema tushindwe na Rothari.

Lakini tusimsifu kupita haki. Sheria yake ilimpima mtu kwa cheo: dia ya mtumwa haikuwa sawa na ya mwungwana. Mwanamke huru hakuruhusiwa kuwa mwenye amri juu ya nafsi yake. Sharti awe chini ya baba, au ndugu, au mume, au mfalme. Rothari alifungua mlango nusu, akasimama hapo.

Baada ya Rothari ugomvi wa kugombea kiti ulirudi. Mwaka 662 ndugu wawili, Godepert na Perctarit, waligombana. Na Grimoald, mkuu wa Benevento, akaja kama msaidizi, akamwua Godepert akajitwalia ufalme. Perctarit alikimbia, kisha akarudi akajitia mikononi mwa Grimoald, naye akamwapia kwamba hatamdhuru. Lakini watu wa Pavia walipomiminika kumwamkia Perctarit, wachongezi walimtia mfalme hofu, hata akaweka askari kuizunguka nyumba yake. Usiku ule rafiki mmoja, Unulf, akamtwika Perctarit matandiko na ngozi ya dubu kichwani, akamtoa nje akimpiga na kumtukana kama mtumwa mjinga. Askari wakacheka, wakawapisha. Perctarit akateremshwa ukutani kwa kamba, akakimbilia kwa Wafaranki. Mtumishi wake wa nguo alibaki ndani, akaufunga mlango, akawaambia askari kwamba bwana wake amelewa, wamwache alale.

Kulipokucha yule mtumishi akaletwa mbele ya mfalme. Grimoald akawauliza waliokuwapo, mtu wa namna hii astahili nini? Wote wakasema afe kwa mateso. Mfalme akasema, sivyo; mtu huyu astahili mema, kwa kuwa alikuwa tayari kufa kwa ajili ya bwana wake. Akamsamehe, na Unulf pia, akawaweka katika utumishi wake. Siku nyingine akawauliza kama wangependa kuwa pamoja na Perctarit. Unulf akaapa kwamba ni heri kufa na Perctarit kuliko kukaa mahali pengine katika raha zote. Na mwenziwe akajibu vivyo hivyo. Grimoald akawaruhusu wote wawili waende, na mali zao, na farasi zao, akawapa na ulinzi wa njiani. Grimoald hakuwa mtakatifu. Mikono yake ilikuwa na damu. Lakini aliweza kuutambua uaminifu hata ulipokuwa juu yake mwenyewe. Alipokufa mwaka 671, Perctarit alirudi akatawala hata mwaka 688.

Mfalme mkuu wa mwisho alikuwa Liutprand, tangu 712 hata 744. Alipigana, akaongeza nchi. Lakini mwaka 728 aliurudisha mji wa Sutri mikononi mwa Papa. Tena ndiye aliyeinunua mifupa ya Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini na askofu wa Hippo, ikatolewa kisiwa cha Sardinia ilikokuwa katika hatari ya maharamia, ikaletwa Pavia. Na huko yahifadhiwa hata leo katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro. Hivyo mji ulioponea chupuchupu upanga wa Alboin ukawa nyumba ya mwalimu mkuu wa Kiafrika.

Liutprand aliwakutanisha waamuzi mwezi wa Machi, akaongeza sheria mpya mara kwa mara. Katika sheria moja ya mwaka 731 alisema neno la uwazi kabisa. Walombardi walikuwa na desturi ya kuamua kesi kwa kupigana: anayeshinda ndiye mkweli. Mfalme akakiri kwamba yeye hana hakika na hukumu ya namna hiyo, na amesikia kwamba wengi wamepoteza haki yao bila hatia; lakini kwa ajili ya desturi ya taifa hawezi kuizuia, basi ataipunguza makali tu. Maneno hayo yatufundisha jinsi sheria inavyokua. Haikui kama uyoga kwa usiku mmoja; hukua kama mbuyu. Rothari alipanda, Liutprand akapalilia, na wengine wakaja baadaye kukamilisha.

Ufalme ulianguka kwa tamaa. Mwaka 751 mfalme Aistulf aliiteka Ravenna, akaanza kuidai kodi Roma. Papa Stephen, alipoona hapati msaada kwa Kaisari, alivuka milima ya Alpi wakati wa baridi akaenda kwa Pippin, mfalme wa Wafaranki, ambaye alikuja mara mbili akamlazimisha Aistulf kuachia miji. Aistulf alikufa mwaka 756 kwa kuanguka katika mawindo. Aliyemfuata, Desiderius, alimwoza binti yake kwa mwana wa Pippin, yaani Charlemagne, akidhani ukwe utaleta amani. Lakini baada ya muda mfupi Charlemagne alimrudisha binti kwao. Uadui ukawaka tena. Charlemagne akaizunguka Pavia tangu mwaka 773, na mwezi Juni 774 mji ukafunguliwa. Desiderius akapelekwa kukaa katika nyumba ya watawa huko ng'ambo ya milima, na Charlemagne akajiita mfalme wa Wafaranki na wa Walombardi.

Basi nini kilichobaki? Jina limebaki, maana jimbo la Milano laitwa Lombardia hata leo. Majengo machache yamebaki, na mwaka 2011 mahali saba pa Walombardi katika Italia paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kilichodumu kupita kuta za mawe ni ile Amri. Charlemagne aliuondoa ufalme, wala hakuiondoa sheria. Na karne ya kumi na moja wanasheria wa Pavia walikuwa wangali wakiifundisha na kuifafanua, miaka mia nne tangu Rothari kufa.

Alboin aliacha kikombe cha fuvu, nacho kimepotea. Rothari aliacha kitabu, nacho kinasomwa. Wazee wa kijiji wanapoketi chini ya mti kuwapatanisha jamaa mbili, na mmoja akasema liandikwe neno lililokubaliwa, ili kesho asitokee wa kulikana, kazi waifanyayo ni ile ile aliyoifanya mfalme yule huko Pavia.